Kubandika na Kubandua Wigi Nyumbani: Gundi, Lesi na Ngozi Iliyo Katikati

Nywele nyingi zinazopotea kwa sababu ya wigi hazipotei siku ya kulivaa. Zinapotea siku ya kulivua, pale mtu aliyechoka anaposhika ukingo wa lesi, ule wavu mwembamba wa mbele ya wigi ambao nywele zake zimefungwa juu yake, karibu na sikio na kuuvuta kama anayebandua plasta. Gundi haichagui. Imeshika lesi, imeshika ngozi, na imeshika pia yale malaika membamba ya kwenye mapanja ambayo mizizi yake iko juu juu tu. Lesi ikija, malaika yanakuja nayo. Mara ya kwanza hayaonekani. Baada ya miezi kadhaa ya kuvuta hivyo, paji la uso limepanda juu, na mwenyewe anadhani ni gundi iliyomuunguza.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la mtu anayetaka kubandika wigi si gundi ipi inashika sana, bali gundi hiyo itatokaje. Jibu lake ndilo linaloamua upake wapi, upake unene gani na ukae nalo siku ngapi.

Kila gundi na kiyeyushi chake

Wigi hukaa kichwani kwa njia tatu: kwa kubana, kwa tepu, au kwa gundi. Kubana ni pamoja na vitana vidogo vilivyoshonwa ndani ya wigi, mikanda ya kurekebisha kisogoni, lastiki inayopita nyuma kutoka sikio hadi sikio, na bendi ya mahameli inayovaliwa chini ya wigi. Mahameli ina vinyweleo pande zote mbili. Upande wa ndani unakwama kwenye ngozi au nywele, upande wa nje unakwama kwenye kitambaa cha wigi, na hakuna kinachoteleza. Anayevaa wigi asubuhi na kulivua usiku hahitaji zaidi ya hapo. Tunalisema hili mapema kwa sababu gundi hutangazwa kana kwamba bila hiyo wigi litapeperuka na upepo. Lastiki iliyoshonwa kwa kipimo chako, isiyolegea na isiyochora alama kwenye ngozi, inashika lesi ya mbele vizuri sana.

Tepu ya pande mbili ni hatua ya kati. Haihitaji kukauka, unene wake ni sawa kote, na ikitoka haiachi uchafu mwingi. Tatizo lake ni kwamba tepu ni mstari ulionyooka, ilhali ukingo wa nywele umepinda. Ukibandika kipande kirefu kwenye mpindo, kinajikunja, na kila mkunjo ni mlango wa jasho. Kikate vipande vya sentimita 2 hadi 3 na uvipange kimoja baada ya kingine, vikikaribiana bila kupandana.

Gundi ndiyo yenye mkanganyiko, kwa sababu neno ni moja na vitu ni vingi. Gundi nyingi za wigi ni za akriliki, na hizo zimegawanyika mara mbili. Ya maji hutoka kwenye chupa ikiwa nyeupe kama maziwa na hugeuka angavu ikikauka. Ni laini kwa ngozi kuliko nyingine, lakini jasho jingi huirudisha kwenye ulaini. Ya kiyeyushi, iliyochanganywa na kimiminika kikali badala ya maji, hutoka ikiwa angavu tangu mwanzo, ina harufu kali, hukauka haraka na huvumilia jasho zaidi, lakini mvuke wake hushika moto. Kisha kuna gundi za silikoni, ambazo ni jamii nyingine kabisa. Na kuna gundi ya mpira, ile inayotumika kugandisha vipande vya nywele kwenye kofia. Wapo watu wenye mzio wa mpira asilia, na gundi hiyo haifai kupakwa moja kwa moja kwenye ngozi ya kichwa wala kwenye nywele.

Sasa viyeyushi vya kubandulia, yaani dawa za kulainisha gundi ili itoke. Gundi ya akriliki hulainishwa na spiriti ya kusafishia, na hulainishwa pia na dawa za kutolea gundi zilizotengenezwa kwa mafuta ya maganda ya machungwa. Ile ya maji hukubali hata maji ya uvuguvugu yenye kondishona au mafuta, ingawa huchukua muda. Gundi ya silikoni haijali spiriti. Inataka dawa yake iliyotengenezwa kwa ajili ya silikoni. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wamemwaga spiriti mara tatu, gundi haijasogea, wanahitimisha kwamba dawa haifanyi kazi na wanaanza kuvuta. Soma chupa ya gundi kabla ya kuinunua, na usiondoke bila kiyeyushi chake. Gundi isiyoandikwa inatolewa na nini, iache ilipo.

Gundi ya papo hapo, ile ya kuunganishia viatu na vyombo vilivyovunjika, haina nafasi kichwani kwa hali yoyote. Huganda kwa unyevu wa ngozi yenyewe, na ikiganda kwa wingi hutoa joto. Gundi za kupuliza za kazi za ujenzi ni vivyo hivyo. Mwaka 2021 mwanamke mmoja nchini Marekani alitumia gundi ya aina hiyo kulaza nywele zake, akaishia kufanyiwa upasuaji ili kuitoa. Hata baadhi ya gundi za kope ni ndugu wa gundi ya papo hapo, kwa hiyo usizichukulie kuwa salama kwa sababu tu zinauzwa kwenye duka la vipodozi.

Jaribio moja halirukwi. Paka tone la gundi nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, na tone la dawa ya kuitolea mahali pengine, kisha subiri saa 48. Mzio wa akriliki mara nyingi haujitokezi papo hapo. Ngozi inaweza kuwa shwari siku nzima na kuwasha kesho yake. Aliyejaribu kwa dakika kumi hajajaribu kitu.

Kazi inayofanyika kabla ya gundi

Wigi lisilokutosha halishikiki. Pima mzunguko wa kichwa kuanzia ukingo wa nywele mbele, juu ya masikio, hadi kisogoni na kurudi. Watu wazima wengi huangukia kati ya sentimita 54 na 58. Wigi dogo hutaka kurudi nyuma mchana kutwa, na nguvu hiyo yote huishia kwenye ukingo wa mbele. Lesi ikiachia saa nane mchana, gundi inalaumiwa bure. Livae likiwa kavu, bila gundi, uinamishe kidevu hadi kifuani, kisha uinue uso taratibu. Likibaki kwenye mstari wake, endelea. Likirudi nyuma hata upana wa kidole, legeza mikanda ya kisogoni au badilisha wigi.

Nywele zilizo chini zinatakiwa kulala. Twende kilioni yenye mistari myembamba inatosha, au kuzifunga na kuzilaza kama ni fupi. Angalia mkono wa msusi hapa. Ukimaliza kusukwa na huwezi kuinua nyusi bila maumivu, au vimetokea vipele vidogo kwenye mizizi ya mbele, zimebanwa mno, na wigi juu yake litaongeza mzigo kwenye sehemu iliyoelemewa tayari. Kunyonyoka kwa nywele kwa sababu ya kuvutwa ni jambo linalojulikana na madaktari wa ngozi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, walipolieleza kwa wanawake wa Greenland waliokuwa wakifunga nywele kwa kuzikaza sana juu ya kichwa. Si ugonjwa wa aina moja ya nywele. Mzizi wowote ukivutwa muda mrefu huchoka, na ukishageuka kovu haurudi.

Nywele ziwe kavu kabisa kabla ya kuvaa kofia ya soksi, ile nyembamba inayovaliwa chini ya wigi. Zikiwa na unyevu, joto la kichwa na giza la kofia hufanya mahali pazuri kwa fangasi, na harufu itakayotokea baada ya siku tatu haitokani na wigi.

Wapo wanaoibandika kofia ya soksi yenyewe: wanaivuta hadi kwenye paji la uso, wanapaka gundi juu yake kwenye mstari wa nywele, ikikauka wanakata kitambaa kilichozidi. Faida yake ni kwamba nywele za mbele zinabaki chini ya kitambaa na gundi haizigusi sana. Hasara yake ni kwamba sasa una tabaka mbili za kubandua badala ya moja, na ya chini hufichwa na ya juu. Kwa anayeanza hatuipendekezi.

Lesi ikatwe lini? Mafundi wengi hukata baada ya kubandika, kwa sababu wana mkono. Nyumbani ni afadhali kukata kwanza, wigi likiwa limevaliwa kavu. Gawa lesi vipande vitatu kwa kuikata kwa wima hadi karibu na mafundo ya nywele: juu ya paji katikati, na juu ya kila panja. Kisha punguza kila kipande kwa mkasi wa meno, au kwa kiwembe cha nyusi ukienda kwa mawimbi, ukibakisha milimita 3 mbele ya nywele za kwanza. Mstari ulionyooka huonekana kwa mbali kwa sababu hakuna ukingo wa nywele wa asili ulionyooka; tena ukianza kuachia, huachia wote kwa pamoja. Ukingo wenye mawimbi huachia nukta moja, na nukta inarekebishika. Wakati wa kukata, shika lesi ikae sawa lakini usiinyooshe. Ukikata ikiwa imenyooshwa, ukiiachia itarudi nyuma na utakuwa umekata ndani ya nywele.

Kubandika

Osha paji na mapanja kwa sabuni isiyo na mafuta, kausha, kisha pitisha pamba yenye spiriti ya asilimia 70 na uiache ikauke yenyewe kwa dakika moja. Mafuta ya ngozi hurudi haraka, kwa hiyo usioshe kisha ukaenda kupika. Kama ngozi yako ni nyepesi kuwasha, paka majimaji ya kulinda ngozi yanayotumika chini ya gundi na yakauke kabisa. Hutandaza utando mwembamba, na siku ya kubandua gundi itatoka na utando huo badala ya kutoka na ngozi.

Sasa sogeza nywele zako zote nyuma, pamoja na malaika, kwa bendi ya kitambaa au kwa jeli. Mstari wa gundi unakaa kwenye ngozi tupu, milimita 3 hadi 5 mbele ya nywele zako za mwisho. Hili ndilo jambo ambalo likikosewa hakuna kiyeyushi kitakachokuokoa vizuri. Mtu anaogopa kwamba wigi litaonekana limeshuka, anapandisha gundi kidogo, na gundi inaingia kwenye nywele. Kama paji lako ni dogo na hakuna nafasi ya ngozi tupu, usitumie gundi. Tumia bendi au lastiki.

Paka gundi ya maji kiasi cha punje ya dengu kwa kila sehemu ya tatu ya paji, uisambaze kwa kitana kidogo au kijiti kuwa ukanda wa upana wa sentimita moja. Tabaka la kwanza liwe jembamba kiasi cha kuona ngozi kupitia weupe wake. Subiri dakika 3 hadi 5, au tumia draya kwenye hewa baridi, hadi weupe wote upotee. Rudia mara ya pili na ya tatu. Tabaka tatu nyembamba hushika kuliko moja nene, na sababu yake ni rahisi kuelewa: gundi ya maji hukauka kwa maji kuondoka kupitia uso wake. Tabaka nene hujifunga juu, maji yakabaki ndani, na unachobandikia lesi ni ngozi ya maziwa yaliyopoa. Gundi ya kiyeyushi hutaka tabaka moja au mbili tu na muda mfupi zaidi. Fuata chupa, fungua dirisha, na pasiwe na sigara wala jiko linalowaka karibu.

Kipimo cha utayari ni mgongo wa kidole. Gusa gundi kwa kifundo cha kidole na uinue: iking'ang'ania kidogo halafu ikaachia bila kubakiza kitu kwenye kidole, iko tayari. Ikivuta nyuzi, bado. Ikiwa haing'ang'anii kabisa, imekauka kupita na unahitaji tabaka jipya jembamba.

Funga nywele za wigi nyuma ili hata unywele mmoja usianguke kwenye gundi. Tazama mbele, uso ukiwa wima na bila kukunja paji. Shusha lesi katikati kwanza, juu ya pua, na uibonyeze kwa mkia wa kitana kwa sekunde 30. Kisha panja moja, kisha lingine. Bonyeza kwa kushuka na kuinuka, usiburute. Ukiburuta unaisukuma gundi kupita kwenye matundu ya lesi hadi kwenye mizizi ya nywele za wigi, na hapo utaona unga mweupe unaong'aa ambao hakuna poda itakayouficha. Zungusha kitambaa cha hariri au cha lastiki juu ya ukingo, kikaze kiasi, na kikae dakika 15 hadi 20. Kwa gundi ya maji, jiepushe na mazoezi, kuoga maji ya kichwa na mvuke wa jikoni kwa saa 24 zinazofuata. Gundi inaendelea kukaza baada ya mkono wako kuondoka.

Inaachia kwa nini

Weupe unaotokea chini ya lesi siku hiyohiyo ni maji yaliyonaswa, tabaka halikukauka. Weupe unaotokea siku ya tatu au ya nne ni jasho, gundi inarudi kwenye maziwa yake. La kwanza ni kosa la kupaka. La pili ni taarifa kwamba gundi ya maji haikufai kwa kazi au hali ya hewa yako, na ni heri utumie tepu au ya kiyeyushi kuliko kuongeza tabaka la nne na la tano.

Lesi inayoachia mbele ya sikio ina sababu ambayo wengi hawaifikirii. Weka kidole mbele ya sikio lako, utafune hewa. Ngozi inapanda na kushuka. Gundi iliyowekwa hapo inafanyishwa kazi kila unapokula na kila unapozungumza, na haina jinsi ila kuchoka. Acha sentimita moja mbele ya sikio bila gundi kabisa. Ishike kwa kipande kidogo cha tepu au iache huru, nywele zitaifunika.

Ikiachia upande mmoja kila asubuhi, ni upande unaolalia. Ikiachia katikati ya paji, ni sabuni ya uso au mafuta ya kupaka yanayopanda hadi kwenye ukingo. Simamisha vipodozi umbali wa kidole kimoja chini ya lesi. Na ukiona vipira vidogo vya kijivu vinavyobingirika chini ya kidole, hiyo ni gundi mpya iliyopakwa juu ya gundi ya zamani yenye vumbi na jasho. Gundi haishiki uchafu. Sehemu iliyoachia husafishwa hadi kwenye ngozi kwanza, ndipo ipakwe upya, tena mara moja tu. Ikiachia tena mahali palepale, wigi lote limefika siku ya kutoka.

Siku hiyo ni lini? Chupa nyingine huahidi wiki nyingi. Sisi tunasema siku 7, na zikizidi sana 14. Ngozi humwaga seli zake kila siku, na chini ya gundi hazina pa kwenda. Nywele hurefuka karibu sentimita moja kwa mwezi, yaani theluthi ya milimita kwa siku, na kila nywele iliyofunikwa inasukuma gundi kutoka chini. Baada ya wiki mbili gundi haishiki tena ngozi hai. Inashika tabaka la seli zilizokufa na mafuta, na ndiyo maana huanza kunuka kabla ya kubanduka.

Kuwasha kidogo katika saa ya kwanza hutokea. Wekundu unaosambaa nje ya mstari wa gundi, malengelenge, majimaji, au kope kuvimba ni mzio, na wigi linatoka siku hiyo, si mwisho wa wiki. Kope zikivimba au pumzi ikibana, nenda hospitali.

Kubandua

Tenga nusu saa na kioo chenye mwanga. Unahitaji kiyeyushi cha gundi yako, vijiti vya pamba, vipande vya pamba, mafuta ya nazi au ya zeituni, kitambaa kidogo na shampuu. Kunja kitambaa kama utepe na ukifunge juu ya nyusi. Spiriti na mafuta ya machungwa yote huchoma macho. Yakiingia, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Spiriti hushika moto, kwa hiyo jiko na mshumaa vizimwe.

Anzia kwenye panja, si katikati. Lowesha kijiti cha pamba na ukipitishe juu ya lesi, kwenye ukanda wa sentimita 3 au 4 tu, hadi matundu yote yawe yamelowa. Subiri. Dakika 5 kwa spiriti, hadi 10 kwa dawa ya mafuta. Ongeza kidogo inapokauka, maana spiriti huruka haraka kuliko inavyoyeyusha, na hii ndiyo sababu ya pili ya watu kusema haifanyi kazi. Sasa inua pembe ya lesi kwa ukucha, milimita chache, na utazame kilicho chini. Ukiona nyuzi nyeupe zinazonyooka kati ya lesi na ngozi, kama jibini la moto, gundi bado imeshika pande zote mbili na ukivuta itavuta ngozi. Weka kijiti chenye kiyeyushi katikati ya nyuzi hizo, moja kwa moja, usubiri tena. Ikiwa tayari hakuna nyuzi: gundi imekuwa jeli, lesi inaelea juu yake, na inainuka kwa uzito wa kidole. Hapo songa sentimita nyingine 3.

Katika kazi yote hii mkono mmoja unainua lesi, na kidole cha mkono mwingine kinabonyeza ngozi iliyo mbele yake ili isiinuke pamoja. Lesi ivuliwe kwa kuilaza nyuma, sambamba na ngozi, isiinuliwe wima. Ukihisi mchomo mkali wa kunyofoka, ni malaika. Simama, ongeza kiyeyushi mahali hapo.

Wigi likishatoka, paji lina mabaki. Paka mafuta, sugua kwa mizunguko kwa ncha za vidole hadi gundi ijikusanye kuwa vibonge, kisha futa kwa kuelekea nywele zinakolala. Gundi iliyoingia kwenye malaika haichanwi ikiwa kavu. Iloweshe kwa mafuta, iache dakika 10, uivute kwa vidole viwili kutoka kwenye mzizi kwenda kwenye ncha, kama unayekamua. Malizia kwa shampuu mara mbili, kwa sababu mafuta yoyote yatakayobaki yatakataa gundi ya safari ijayo.

Kama umejikuta bila dawa na gundi ni ya maji, kondishona nyingi na maji ya uvuguvugu kwa dakika 20 vitaitoa polepole. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha, petroli na thina haviwekwi kwenye ngozi ya uso. Asetoni pia huweza kuharibu nyuzi bandia za wigi lenyewe. Ngozi ipumzike angalau siku mbili kabla ya gundi nyingine. Ukiona vidonda, usibandike hadi vipone.

Kichwa kilichonyolewa au kisicho na nywele

Kipande cha nywele kinachofunika utosi tu hushikiliwa pande zote, si mbele peke yake, kwa hiyo tepu hupangwa kuzunguka ukingo mzima wa msingi wake, na mara nyingine mstari mmoja wa katikati. Nywele zilizo chini hunyolewa kabisa, zisije zikasukuma tepu. Mstari wa mbele usiushushe sana: vidole vinne vilivyolala juu ya nyusi ndio mwanzo unaoonekana wa kweli kwa mwanaume mtu mzima, chini ya hapo kipande hujitangaza chenyewe.

Aliyepoteza nywele kwa matibabu ya saratani asitumie gundi wakati matibabu yanaendelea. Ngozi yake ni nyepesi kuliko inavyoonekana, na jeraha dogo kwake si dogo. Kofia laini ya pamba chini ya wigi jepesi inatosha, na vitana vya ndani viondolewe kwa sababu havina nywele za kushika na vitakwaruza. Na mtu yeyote anayeenda kupigwa picha ya kipimo cha sumaku alivue wigi lenye vitana au pini za chuma kabla ya kuingia.

Wigi likiwa mkononi

Toa gundi kwenye lesi siku hiyohiyo, ikiwa bado laini. Lilaze ndani-nje juu ya taulo, lowesha ukingo kwa kiyeyushi, subiri dakika 5, kisha ugongegonge kwa mswaki laini bila kusugua. Lesi nyembamba huchanika kwa kusuguliwa kuliko kwa kuvaliwa. Osha nywele kwa maji ya uvuguvugu kutoka kwenye mzizi kwenda kwenye ncha. Kondishona iwekwe kuanzia katikati kwenda chini. Ikifika kwenye mafundo huyalegeza, na wigi linaanza kumwaga nywele. Likauke juu ya kichwa cha kuwekea, mbali na jua kali. Kama ni la nyuzi bandia na halijaandikwa kwamba linavumilia joto, pasi ya nywele isiliguse.

Likishakauka, inua lesi mbele ya dirisha uitazame kwa mwanga wa nyuma. Matundu yawe wazi yote. Pale ambapo mwanga haupiti, gundi ya zamani bado iko ndani, na hapo ndipo litakapoachia wiki ijayo. Rudisha kiyeyushi kwenye nukta hizo kabla ya kulihifadhi.